TAMISEMI na Safari ya Serikali za Mitaa Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazazi wengi hulitafuta jina TAMISEMI orodha za waliochaguliwa kidato cha kwanza na cha tano zinapotoka. Vijana waliomaliza ualimu na uuguzi hulitafuta ajira zinapotangazwa. Orodha ikishaonekana, ukurasa hufungwa na jina husahauliwa hadi msimu mwingine. Ni hasara, kwa sababu ofisi hii ndiyo inayosimamia zahanati unayotibiwa, soko unalouzia nyanya, na mtendaji anayekugongea muhuri wa barua ya utambulisho. Historia yake pia ni historia ya ugomvi mrefu juu ya jambo moja: nani aamue mambo ya kijijini, mwenye kijiji au aliye mbali nacho. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huyauliza kweli. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani uzito.

TAMISEMI ni kifupi cha nini? Ni wizara?

Ni Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Huwekwa ndani ya Ofisi ya Rais au ya Waziri Mkuu, kadiri Rais anavyopanga, na anayeiongoza ni Waziri wa Nchi. Ina katibu mkuu wake, bajeti yake na jengo lake Dodoma. Kwa kazi za kila siku, basi, ni wizara kama wizara nyingine, ila kwa kiti imekaa ndani ya ofisi ya mkubwa mwingine.

Soma tena jina hilo, utaona limebeba vitu viwili. Tawala za mikoa ni mkono wa serikali kuu: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, makatibu tawala, maafisa tarafa. Serikali za mitaa ni vyombo vya wananchi: halmashauri, vijiji, mitaa, vitongoji. Mkono wa juu na mkono wa chini vimewekwa katika ofisi moja. Mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na hilo.

Kwa nini ziitwe za "mitaa" wakati wengi wetu tunaishi vijijini?

Neno hili linawachanganya watu kila siku. "Serikali za Mitaa" kwa upana wake ni mamlaka zote zilizo chini ya serikali kuu, kuanzia jiji hadi kijiji. "Mtaa" kwa maana finyu ni ngazi ya chini mjini, yenye mwenyekiti na mtendaji wake. Kijijini ngazi inayolingana nayo ni kijiji, na ndani ya kijiji kuna vitongoji. Kwa hiyo mtu wa Ilala akisema "naenda serikali ya mtaa" anamaanisha ile ofisi ndogo ya mwenyekiti, lakini Katiba ikitaja Serikali za Mitaa inamaanisha mfumo mzima.

Tanzania Bara ina mikoa 26 na halmashauri 184, kati yake majiji 6: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Chini yake kuna vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000.

Kabla ya uhuru, nani alisimamia mabaraza?

Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, watu waliowekwa kukusanya kodi na kuamuru kazi. Wengi hawakuwa wenyeji wa mahali walipotawala, na chuki juu yao ilikuwa sehemu ya moto uliowaka katika Vita vya Majimaji mwaka 1905.

Waingereza walikuja na njia nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliamua kutawala kupitia machifu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikawapa machifu mahakama, hazina na uwezo wa kutunga amri ndogondogo. Ili kuwasimamia, Cameron aliweka makao makuu afisa maalumu wa masuala ya wenyeji, na wa kwanza kushika nafasi hiyo alikuwa Charles Dundas, yule aliyejulikana Kilimanjaro kwa kuwahimiza Wachagga kulima kahawa. Ukiuliza babu wa TAMISEMI ni nani, mimi nitakuonyesha ofisi ile. Kazi yake ilikuwa hii hii ya leo: kuketi katikati ya wakubwa wa Dar es Salaam na watawala wa huko chini.

Tofauti yake ni kwamba chifu hakupigiwa kura. Aliwajibika juu, kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na wananchi walimlipa kodi bila kuwa na njia ya kumwondoa.

Mabaraza ya kuchaguliwa yalianza lini?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ndiyo iliyofungua mlango wa halmashauri za wilaya na za miji midogo. Mjini mambo yalitangulia kidogo, maana Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949. Lakini serikali ya kikoloni ilitaka mabaraza ya mseto wa rangi, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangekaa na Waafrika katika wilaya ambazo karibu watu wote ni Waafrika. Geita ilikataa. Mwaka 1958 umati wa watu uliandamana kwa miguu hadi Mwanza kupinga baraza hilo. Nashangaa kwamba kisa cha Geita hakisimuliwi sana shuleni, maana pale watu waliandamana kwa ajili ya halmashauri ya wilaya, jambo ambalo leo wengi huliona la kuchosha.

Mwaka 1960 Dar es Salaam ikapata meya wake wa kwanza Mwafrika, mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi, na mwaka uliofuata mji ukapewa hadhi ya jiji. Mwaka huohuo wa 1960 Rashidi Kawawa akawa waziri wa serikali za mitaa na nyumba. Likumbuke jina la Kawawa, tutalikuta tena.

Machifu waliondokaje?

Kwa sheria, mwaka 1963, na bila vita. Kazi zao za utawala zilihamia kwa halmashauri za wilaya na kwa maofisa wa serikali. Mwaka mmoja nyuma, wakuu wa majimbo wa kikoloni walikuwa wamepisha wakuu wa mikoa, ambao waliteuliwa kisiasa na wakawa pia makatibu wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika maeneo yao. Cheo cha mkuu wa mkoa kimedumu kwa umbo hilo kwa sehemu kubwa: mteule wa Rais, mwakilishi wa Rais.

Ni kweli serikali za mitaa ziliwahi kufutwa kabisa?

Ni kweli, na hapa panahitaji maelezo marefu, kwa sababu kilichofanyika kiliitwa kupeleka madaraka kwa wananchi.

Tuanze kidogo nyuma. Halmashauri za miaka ya 1960 zilipewa kazi nyingi: shule za msingi, zahanati, barabara, maji. Mapato yao yalikuwa madogo, na watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache mno. Madeni yakaongezeka, na malalamiko ya ubadhirifu yakawa mengi. Mwaka 1969 serikali kuu ikafuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao vijijini, kisha ikazichukua kazi nyingi kubwa. Halmashauri zikabaki na majina yao na kidogo cha kufanya.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akatangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Kampuni ya washauri ya Marekani, McKinsey, ilikuwa imeajiriwa kusaidia kuuchora. Halmashauri za wilaya zikafutwa mwaka huo, za miji zikafuata mwaka 1973. Mahali pake pakawekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wa wilaya, watumishi wa serikali kuu waliopangiwa kazi na kulipwa na serikali kuu. Madiwani waliochaguliwa walipotea kama chombo chenye kauli ya mwisho, na kamati za maendeleo zilizowekwa zilikaliwa na wataalamu na viongozi wa chama.

Nani aliisimamia mikoa? Ofisi ya Waziri Mkuu. Cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa mwaka huohuo wa 1972, na aliyekishika ni Kawawa, yule yule waziri wa serikali za mitaa wa 1960. Sisemi hivyo kumlaumu. Ila ni picha inayoeleza mengi: mtu aliyesimamia kuchanua kwa halmashauri ndiye aliyekuwa kwenye kiti wakati zinazikwa.

Wanaoutetea mpango ule husema maofisa walikwenda kweli mikoani, na fedha za maendeleo zikawafuata. Hilo ni sahihi. Lakini kilichotoka Dar es Salaam kilikuwa maofisa, na maofisa si madaraka. Mkulima wa Sumbawanga hakupata kura ya kumwondoa mkurugenzi aliyeharibu kazi. Miaka hiyohiyo ndiyo ya operesheni za kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na sitaki kudhani mambo yangekwenda vilevile kama kila wilaya ingekuwa na baraza lenye meno. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliunda halmashauri za vijiji, jambo jema lililodumu hadi leo, lakini juu ya kijiji hapakuwa na chombo cha kuchaguliwa cha kukisemea.

Mbona zilirudishwa?

Miji ndiyo iliyolazimisha. Bila halmashauri, hakuna aliyehesabu kuzoa taka au kuzibua mitaro kuwa kazi yake. Barabara za mitaani zikachakaa, maji yakakatika, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 sheria ya mpito ikarudisha halmashauri za miji.

CCM ikaahidi katika uchaguzi wa 1980 kuzirudisha na za vijijini, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria zinazotumika hadi sasa pamoja na marekebisho yake: Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, Na. 9 kwa fedha za serikali za mitaa. Uchaguzi ukafanyika 1983 na halmashauri zikaanza kazi Januari 1984. Mwaka huohuo zikaunda jumuiya yao, ALAT, ambayo hadi leo ndiyo inayozisemea kwa pamoja.

Mwalimu mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Alisema hawakuwa na subira na hawakuwa na ujuzi. Viongozi wachache huyasema ya namna hiyo wakiwa bado Ikulu.

Katiba inasema nini?

Ibara za 145 na 146, zilizoingizwa na mabadiliko ya 1984. Ya kwanza inasema vitakuwapo vyombo vya Serikali za Mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Ya pili inasema madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Napenda watu wazisome kwa sauti, hasa wanaoambiwa na ofisa yeyote kwamba baraza la madiwani ni "msaada" wa serikali kuu. Ziliandikwa na kizazi kilichokuwa kimetoka kuona halmashauri zinafutwa kwa sheria ya kawaida, na walitaka isiwe rahisi tena.

Kwa nini ofisi hii huhamahama, mara kwa Rais, mara kwa Waziri Mkuu?

Imeshakaa karibu kila mahali. Iliwahi kuwa chini ya Waziri Mkuu, ikachanganywa wizara moja na ushirika na maendeleo ya jamii, ikarudi kwa Waziri Mkuu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa Wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Katika muhula wa pili wa Rais Benjamin Mkapa ilikuwa Ofisi ya Rais, ikiongozwa na Brigedia Jenerali Hassan Ngwilizi. Rais Jakaya Kikwete akaihamishia Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2006 na kumpa Mizengo Pinda, ambaye Februari 2008 akawa Waziri Mkuu. Baada yake walipita Celina Kombani, George Mkuchika na Hawa Ghasia. Desemba 2015 Rais John Magufuli akairudisha Ofisi ya Rais chini ya George Simbachawene, kisha Selemani Jafo kuanzia 2017. Rais Samia Suluhu Hassan aliiacha hapohapo alipoingia madarakani mwaka 2021.

Kila Rais ana mamlaka ya kupanga ofisi zake, na sababu zinazotajwa ni za kiutendaji: uratibu, ufanisi, kupunguza gharama. Zipo sababu za maana pia. Ofisi ya Waziri Mkuu huratibu wizara zote, na halmashauri ndizo zinazotekeleza sera za wizara zote, kwa hiyo ndoa hiyo inaeleweka. Chini ya Rais, nguvu ya ofisi huongezeka, kwa sababu wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wanateuliwa na Rais, na waziri wake huongea kwa mamlaka ya mteuzi huyohuyo.

Maoni yangu ni haya: popote ofisi ilipokaa, mwananchi apime jambo moja. Je, diwani wake ana sauti zaidi au kidogo kuliko awali? Kubadilisha kibao mlangoni hakujibu hilo. Halmashauri zimepata na kupoteza madaraka ofisi ikiwa kwa Waziri Mkuu, na zimepata na kupoteza ikiwa kwa Rais.

"Ugatuaji" ulikuwa mpango gani?

Ni maboresho yaliyoandaliwa kuanzia 1996 na kutangazwa katika sera ya Oktoba 1998. Lengo lilikuwa kubadili uhusiano: serikali kuu itunge sera, itoe ruzuku na ikague, halmashauri ziamue na zitekeleze. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ilikuwa imeshapunguza ukubwa wa ofisi ya mkoa. Badala ya idara kubwa zinazoendesha miradi, mkoa ukabaki na sekretarieti chini ya katibu tawala, ya kushauri halmashauri na kuziunganisha na makao makuu. Mwaka 1999 sheria za 1982 zikarekebishwa kufuata sera hiyo. Ruzuku zikaanza kugawiwa kwa fomula badala ya kutegemea nani anamjua nani, na vijiji vikafundishwa kuibua mipango yao wenyewe kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wa kupanga vipaumbele kwa njia hiyo. Akina mama walisimama kwenye hoja ya kisima, vijana kwenye hoja ya barabara, na mabishano yalikwenda hadi jua likatua. Kisima kilishinda. Kijiji kilisubiri muda mrefu kabla fedha hazijafika, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa mpango mzima: maamuzi yalishuka chini upesi kuliko fedha.

Kodi ya kichwa iliondoka lini?

Ilirudi pamoja na halmashauri kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikafutwa mwaka 2003. Wazee wengi bado wanakumbuka mgambo wakizunguka alfajiri, wanaume wakilala shambani au wakivuka mto hadi zoezi lipite. Hakuna aliyelilia kuondoka kwake. Ila iliacha pengo ambalo halmashauri nyingi za vijijini hazijaliziba, na tangu hapo sehemu kubwa ya bajeti zao ni ruzuku ya serikali kuu. Mwenye kukupa unga ndiye anayekupangia mapishi.

Vyanzo vilivyobaki ni kama ushuru wa mazao, uliokuwa hadi asilimia 5 na mwaka 2017 ukashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, leseni, ada za masoko na stendi. Katika mapato hayo ya ndani, asilimia 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa agizo kwa miaka mingi, ikawekwa kwenye sheria mwaka 2018.

Je, madaraka yanarudi juu tena?

Katika mambo kadhaa, ndiyo. Kodi ya majengo ilikuwa tegemeo la halmashauri za miji. Ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Barabara za wilaya zilichukuliwa na TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji vijijini yakaenda kwa RUWASA, wakala wa serikali kuu wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019.

TARURA ina watetezi wake, nami nakubali sehemu ya hoja yao: wahandisi wa halmashauri walikuwa wametawanyika, vifaa hakuna, na fedha za barabara zilivuja. Lakini diwani akiulizwa na wapiga kura kwa nini kalavati limevunjika, leo anajibu "mwulizeni meneja wa TARURA". Wapiga kura hawakumchagua meneja wa TARURA. Hilo linanisumbua zaidi ya kalavati lenyewe.

Baraza la Jiji la Dar es Salaam limevunjwa mara ngapi?

Baada ya halmashauri za miji kufutwa mwaka 1973, mara mbili. Mwaka 1996 Waziri Mkuu alilivunja baada ya huduma kuzorota, taka zikiwa zimefurika mitaani, na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilikaa hadi mwaka 2000, ilipopisha Halmashauri ya Jiji pamoja na manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilikuja baadaye.

Februari 24, 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Halmashauri ile ya juu ilikuwa na kazi chache za uratibu, na wengi waliona ni mzigo. Hata hivyo Dar es Salaam ni mji mmoja, mto Msimbazi haujui mpaka wa Ilala na Kinondoni, na mtu wa kuzikutanisha halmashauri tano bado anahitajika.

Mkurugenzi wa halmashauri anawajibika kwa nani?

Kwa baraza la madiwani, ambalo yeye ni katibu wake. Na kwa Rais aliyemteua. Na kwa katibu mkuu wa TAMISEMI. Na, kwa mazoea, kwa mkuu wa wilaya anayepita na msafara na kutoa maagizo hadharani.

Mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa serikali kuu na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Hana mamlaka ya kisheria ya kuendesha halmashauri, ingawa mwananchi anayemwona akiamuru mtumishi asimame kazi papo hapo hawezi kujua hivyo. Diwani naye, aliyepigiwa kura na kata nzima, hana hata ofisi mara nyingi. Baraza linaweza kujadili na kuazimia dhidi ya mkurugenzi, lakini kumwondoa kunabaki kwa aliyemteua. Ukiniuliza ni wapi pa kuanzia marekebisho, ningeanzia hapa kabla ya pengine popote.

Nani husimamia uchaguzi wa vijiji na mitaa?

TAMISEMI yenyewe, kwa kanuni zinazotolewa na waziri. Madiwani huchaguliwa pamoja na wabunge na Rais chini ya Tume ya Uchaguzi, ila wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla. Uchaguzi wa kwanza wa aina hii chini ya vyama vingi ulikuwa 1994. Katika chama kimoja, mwenyekiti wa tawi la CCM alikuwa ndiye mwenyekiti wa kijiji, hivyo 1994 ilikuwa hatua kubwa.

Usimamizi huu ndio unaolalamikiwa zaidi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vikuu vya upinzani vikajitoa. Mwaka 2024 vilishiriki, vikalalamikia tena kuenguliwa, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Mahakama Kuu, Mei 2019, ilikuwa imeamua kwamba wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi mkuu kwa kuwa ni wateule wa Rais. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Mwenyekiti wa kitongoji hana mshahara. Anaamsha watu usiku kukiwa na moto, anaandika majina ya wafiwa, anasuluhisha mipaka ya mashamba. Nafasi ya namna hiyo, majirani waachwe wajichagulie, na wasimamizi wawe watu wasio na deni kwa mgombea yeyote.

Kwa nini walimu wako TAMISEMI na si Wizara ya Elimu?

Kwa sababu shule za msingi, na baadaye za sekondari, zinaendeshwa na halmashauri. Wizara ya Elimu hutunga sera na mitaala na kusimamia ubora. TAMISEMI hupanga walimu, hupeleka fedha za uendeshaji na kutangaza nafasi za wanafunzi. Afya ni vivyo hivyo: zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko huku. Ndiyo maana anayetaka uhamisho kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hubisha mlango wa TAMISEMI.

Zanzibar nayo iko chini ya TAMISEMI ya Dodoma?

Hapana. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Zanzibar ina ofisi yake chini ya Rais wa Zanzibar, sheria yake ya 2014, na mikoa yake 5. Ngazi ya chini huko ni shehia, na sheha huteuliwa, hapigiwi kura.

Na ugatuzi wa Kenya ni kitu hichohicho?

Maneno yamefanana, mambo yametofautiana. Kenya ilikuwa na Wizara ya Serikali za Mitaa na mamlaka 175 za mabaraza. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza hayo yalitoweka, zikaja kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa, mabunge yao na mgawo wa fedha uliolindwa na Katiba ya 2010. Tanzania haina gavana wa kuchaguliwa, na kiwango cha ruzuku hakijawekwa kwenye Katiba.

Nataka kujua fedha za kijiji changu zimekwendaje. Nianzie wapi?

Anzia mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, na unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Hapo halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatakiwa kusoma mapato na matumizi. Ardhi ya kijiji nayo haigawiwi bila mkutano huo kuridhia, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Kama mkutano hauitishwi, mwandikie mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kimya kinaendelea, peleka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza; uliza tarehe, nenda, ukae. Hesabu za kila halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ripoti yake ya mwaka kuhusu serikali za mitaa hutolewa hadharani, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujieleza. Ukishaisoma hoja ya ukaguzi inayohusu halmashauri yako, nenda nayo kwenye mkutano unaofuata wa kijiji na uisome mbele ya watu.